Acha Waulize Kwanza: Kuwafundisha Vijana Sikukuu za Biblia

Waisraeli walipokuwa wakijiandaa kutoka Misri, Musa aliwapa maagizo ya mwanakondoo na ya damu kwenye miimo ya mlango, kisha akaongeza jambo ambalo walimu wengi tunalipita haraka. Aliwaambia kwamba watoto wao watakuja kuwauliza: ibada hii ina maana gani kwenu? Wazazi wawe na jibu tayari. Swali hilo limo katika Kutoka sura ya 12, linarudi sura ya 13, na linatokea tena katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6. Hata Yoshua, aliposimamisha kule Gilgali mawe 12 yaliyotolewa mtoni Yordani, alisema vivyo hivyo: watoto wakiuliza mawe haya ni ya nini, waelezeni.

Sikukuu za Biblia, basi, zilipangwa zimfikie mtoto kwa macho, pua na ulimi kabla ya kumfikia kwa maelezo. Mtoto anaona nyumbani kumebadilika. Mkate wa leo haujaumuka, mboga ni chungu, watu wanakula kwa haraka wamefunga mikanda na viatu viko miguuni. Anauliza kulikoni, ndipo anasimuliwa.

Sisi tumeugeuza mpangilio huo. Katika darasa la kipaimara au shule ya Jumapili tunaandika ubaoni majina saba ya sikukuu, miezi na tarehe zake, upande huu kivuli, upande ule utimilifu. Kijana anakariri, anafaulu jaribio, na baada ya wiki chache hana tena analolikumbuka. Tumempa jibu la swali ambalo hakuliuliza.

Ushauri wangu kwa mzazi, mwalimu na mchungaji ni huu: lirudisheni swali mahali pake. Kila sikukuu ifundishwe kwa hatua tano, yaani kitendo, swali, kisa, Kristo na jirani. Kijana afanye jambo kwa mikono yake. Aachwe aulize. Asimuliwe kisa cha Agano la Kale kwa ukamilifu wake. Aonyeshwe namna Agano Jipya linavyoihusisha sikukuu hiyo na Kristo. Mwisho atoke akamtendee mtu jambo jema.

Mwalimu aijue ramani

Kabla hujakutana na vijana, kaa na Mambo ya Walawi sura ya 23 mpaka uizoee. Inaanza na Sabato ya kila juma, kisha inaingia kwenye sikukuu za mwaka. Mwezi wa kwanza kuna Pasaka jioni ya siku ya 14, na kuanzia siku ya 15 Mikate Isiyotiwa Chachu kwa siku 7. Katika majira hayo hayo unaletwa mganda wa malimbuko, na kutoka hapo zinahesabiwa siku 50 hadi Sikukuu ya Majuma, ambayo Agano Jipya linaiita Pentekoste. Mwezi wa saba kuna Baragumu siku ya kwanza, Siku ya Upatanisho siku ya 10, na Vibanda kuanzia siku ya 15 kwa siku 7, pamoja na kusanyiko la siku ya nane. Kumbukumbu la Torati sura ya 16 inataja tatu ambazo wanaume wote waliamriwa kuzifanyia safari: Mikate Isiyotiwa Chachu, Majuma na Vibanda.

Vijana hupenda kujua kwa nini Pasaka inahamahama. Aliyekulia Tanga, Mombasa au Unguja ana pa kuanzia, kwa sababu ameona majirani zake Waislamu wakiutafuta mwezi, na anajua kwamba Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mweleze kwamba kalenda ya Kiyahudi nayo hufuata mwezi mwandamo, ila huongezewa mwezi mmoja mara 7 katika kila miaka 19 ili Pasaka isitoke kwenye majira yake. Kanisa nalo, kwa hesabu inayofuatwa na Wakatoliki na Waprotestanti, huadhimisha Ufufuo Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa Machi 21 au baada yake. Ndiyo maana sikukuu hiyo haiangukii kabla ya Machi 22 wala baada ya Aprili 25.

Kisha waonyeshe shamba. Sikukuu hizi zilifuata mavuno ya nchi ya Israeli: shayiri iliyotangulia kuiva, ngano iliyoifuata, halafu zabibu na matunda ya mwisho wa mwaka. Wape vijana karatasi wachore duara mbili, moja ya mavuno ya Israeli na nyingine ya mavuno ya kwao. Kijana wa Kitale na wa Njombe hawavuni mahindi mwezi mmoja, na ni vizuri waligundue hilo wenyewe. Wataona kwamba Mungu aliwaita watu wake kusherehekea pale pale walipokuwa wakitoka jasho.

Na wa kwanza kumtambulisha darasani awe Yesu wa Luka sura ya 2. Ana miaka 12, umri wa wengi wanaoanza mafunzo ya kipaimara. Amepanda kwenda Yerusalemu na wazazi wake kwa ajili ya Pasaka, kama ilivyokuwa desturi ya kila mwaka, na anakutwa hekaluni ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Kijana anayeuliza sana darasani ana mfano mwema wa kufuata.

Pasaka: somo lianzie jikoni

Wape vijana unga wa ngano, maji na chumvi. Wakande madonge mawili, moja waliweke hamira na jingine wasiliweke kitu. Wayafunike na kuyaacha muda wa saa moja, kisha wayafunue. Lile lisilo na hamira walisukume na kulichoma kwenye kikaango kikavu. Pembeni kuwe na mchunga uliochemshwa, bila nazi wala karanga, ubaki na uchungu wake. Wale wakiwa wamesimama, viatu miguuni, begi begani. Mwalimu asieleze lolote.

Maswali yatakuja yenyewe. Mbona tumesimama? Mbona mboga haikuungwa? Sasa simulia, na usianzie Golgotha. Anzia Misri, kwenye matofali na viboko, kwenye watoto wa kiume waliotupwa mtoni, kwa Farao aliyeahidi na kugeuka. Waambie kwamba mkate haukuumuka kwa sababu watu walifukuzwa nchini kabla unga haujapata muda. Kijana asiyeuhisi utumwa hawezi kuuthamini ukombozi, na akikimbizwa msalabani kabla ya wakati, msalaba wenyewe unakuwa neno la mazoea.

Jiandae kwa swali gumu la hapa: wazaliwa wa kwanza wa Misri walikuwa na kosa gani? Usilifunike. Someni pamoja sura zote za mapigo, waone mara ngapi Farao alipewa nafasi, na pia wakubali kwamba kilio cha usiku ule kilikuwa kilio cha kweli. Waeleze desturi iliyoenea miongoni mwa Wayahudi ya kupunguza matone ya divai kikombeni mapigo yanapotajwa kwenye karamu ya Pasaka, na wengi wao huieleza kuwa ni kupunguza furaha kwa sababu ukombozi wao uliwagharimu wengine uhai.

Ndipo uingie kwenye Agano Jipya. Mathayo, Marko na Luka wanasimulia kwamba karamu ya mwisho ya Yesu ilikuwa ya Pasaka. Yohana anaweka kusulubiwa kwake siku ya Maandalio ya Pasaka. Kijana akiigundua tofauti hiyo, msifu kwa kusoma kwa makini, kisha mwonyeshe kwamba waandishi wote wanne wanakubaliana kuwa kifo cha Yesu kieleweke ndani ya sikukuu hii. Paulo, katika 1 Wakorintho sura ya 5, anamwita Kristo Pasaka wetu aliyekwisha kutolewa, na papo hapo anawaambia waumini waiondoe chachu ya kale ya uovu. Rudini kwenye donge lililoumuka. Hamira kidogo imelibadilisha donge zima bila kelele. Waulize ni maneno gani madogo kwenye kundi lao la WhatsApp yamewahi kuharibu urafiki wa wengi. Hapo hutahitaji kuwahubiria.

Hatua ya jirani isisahauliwe. Torati inaagiza kwamba mtumishi naye afurahi pamoja na familia katika sikukuu. Katika nyumba zetu nyingi yupo dada wa kazi, wakati mwingine wa rika la vijana hawa hawa. Kijana apewe kazi ya nyumbani: siku ya Pasaka dada asile peke yake jikoni. Aketi mezani, apakuliwe, na vyombo vioshwe na wengine.

Nitoe tahadhari moja. Karamu ya Pasaka yenye vikombe, dua na utaratibu maalumu ambayo Wayahudi huifanya leo ilipata sura yake hasa baada ya hekalu kuteketezwa mwaka 70. Ni ibada yao hai. Tusiigize. Kisa cha Kutoka, mkate na mboga chungu vinatutosha.

Malimbuko na Pentekoste: kuhesabu na kubakiza

Kuanzia Jumapili ya Ufufuo, bandikeni ukutani karatasi yenye nafasi 50, na kila kijana awe na siku zake za kuandika jambo moja la kumshukuru Mungu. Watakapouliza kwa nini tunahesabu, wafungulie Walawi 23. Mkulima hakuruhusiwa kula mavuno mapya kabla ya kuleta mganda wa kwanza. Mganda mmoja ulikuwa tamko kwamba shamba lote ni la Mungu na kwamba mengine yanakuja. Paulo analitumia wazo hilo katika 1 Wakorintho sura ya 15 anapomwita Kristo limbuko lao waliolala. Kijana aliyempoteza mzazi au rafiki anastahili kuelezwa hili polepole: kaburi lililo wazi ni mganda wa kwanza, na mavuno yenyewe bado.

Vijana wamesikia pia, redioni na makanisani, kwamba malimbuko ni mshahara wote wa Januari. Usimseme mhubiri yeyote vibaya mbele yao. Wape Biblia wasome wenyewe: nini kililetwa, lini, na nini kilifuata. Kumbukumbu la Torati sura ya 26 itawaonyesha mkulima na kikapu chake, akisimulia jinsi babu zake walivyokuwa watumwa, kisha akifurahi pamoja na Mlawi na mgeni. Wataona kwamba utoaji ule ulikuwa shukrani ya mtu aliyekombolewa. Wataona pia kwamba Paulo anapotaja limbuko katika 1 Wakorintho 15, mtoaji ni Mungu mwenyewe.

Pentekoste ya Matendo sura ya 2 haieleweki bila sikukuu iliyoitangulia. Umati wa watu wa lugha nyingi ulikuwa Yerusalemu kwa sababu ilikuwa sikukuu ya mahujaji. Jaribuni hili: kila kijana asome mstari mmoja wa sura hiyo kwa lugha ya nyumbani kwao, Kichaga, Kisukuma, Kidigo, Kikamba au nyingine, kwanza wote kwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Wasiojua lugha za babu zao waende wakamwombe bibi awafundishe mstari huo. Ni kazi ya nyumbani yenye baraka mbili.

Usiruke mstari wa 22 wa Walawi 23. Katikati ya orodha ya sikukuu, mara tu baada ya Majuma, Mungu anaagiza pembe za shamba zisivunwe na masazo yaachiwe maskini na mgeni. Wayahudi husoma kitabu cha Ruthu katika sikukuu hii, na sura zake nne zinasomeka zote katika kikao kimoja. Ruthu ni mgeni kutoka Moabu aliyeishi kwa masazo hayo, na Mathayo anamtaja katika ukoo wa Yesu. Basi kanisa lenu likifanya Sikukuu ya Mavuno na mnada wake, vijana waombe kwa wazee wa kanisa ruhusa ya kutenga sehemu ya mazao kabla mnada haujaanza, waipeleke wenyewe kwa mjane au mgonjwa wanayemjua.

Baragumu na Siku ya Upatanisho

Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Wahenga wetu wameshatufundishia nusu ya somo la Baragumu. Tafuteni pembe, anayeweza kuipuliza aipulize nje ya darasa bila taarifa, na vijana watatoka mbio. Ukweli ni kwamba Torati haielezi mengi kuhusu siku hii zaidi ya kupumzika, kukusanyika na ukumbusho wa sauti ya baragumu, na kijana aambiwe hivyo. Paulo anataja parapanda anapoeleza ufufuo wa wafu na kuja kwa Bwana, katika 1 Wakorintho 15 na 1 Wathesalonike 4. Lakini mtu akija na hesabu za tarehe ya kurudi kwa Yesu kutokana na sikukuu hii, kijana akumbushwe kwamba Yesu mwenyewe alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye.

Siku ya Upatanisho inahitaji utulivu. Someni Walawi 16: mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, mwingine anawekewa mikono kichwani, dhambi zinaungamwa juu yake, anapelekwa jangwani. Mchungaji mzuri wa kondoo na mbuzi hawezi kukosekana katika vijiji vyetu, naye anaweza kuwaeleza vijana nini humpata mbuzi aliyeachwa nyikani peke yake. Kisha waonyeshe Waebrania sura ya 9 na ya 10: kuhani mkuu aliingia mara moja kila mwaka kwa damu isiyo yake, Kristo aliingia mara moja tu kwa damu yake mwenyewe.

Usiwalazimishe vijana kuungama hadharani wala kuandika siri zao kwenye karatasi zitakazokusanywa. Wapo wenye majeraha waliyotendewa na watu wazima, na aibu hiyo si dhambi yao. Wahitaji wa mazungumzo wapate mtu mzima mwaminifu wa kuzungumza naye kwa faragha. Kitendo cha wote kiwe kupatana. Walimu wa kale wa Kiyahudi walifundisha kwamba Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amwendee na kumtuliza. Yesu, katika Mathayo 5, anaagiza sadaka iachwe madhabahuni mpaka ndugu apatanishwe. Kila kijana achague mtu mmoja ambaye yeye mwenyewe alimkosea, amwendee kabla ya Jumapili inayofuata. Wakitaka kufunga, wafunge kwa hiari, na anayetumia dawa asifunge.

Vibanda: furaha yenye kumbukumbu

Hii ndiyo sikukuu ambayo vijana huipenda kupita zote. Huangukia Septemba au Oktoba, wakati wenye mitihani wamebanwa na masomo, kwa hiyo jioni moja ya Ijumaa inatosha. Wajenge kibanda uani kwa kanisa: makuti kwa walio pwani, migomba au matawi kwa walio bara. Wayahudi huacha paa liwe na nafasi za kuonea nyota. Vijana wapike, wale na waimbe humo.

Walawi 23 inataja sababu: vizazi vijavyo vijue kwamba Mungu aliwaketisha Waisraeli katika vibanda alipowatoa Misri. Watu waliokwisha kuwa na nyumba imara waliamriwa kila mwaka wakumbuke siku ambazo hawakuwa nazo. Someni pia Nehemia sura ya 8, watu waliorudi kutoka uhamishoni walipolikuta agizo hili katika Torati wakatoka kwenda mlimani kukata matawi, na furaha ikawa kubwa mno. Katika siku za Yesu, makuhani walichota maji Siloamu na kuyamimina madhabahuni wakati wa sikukuu hii. Ukilijua hilo, Yohana sura ya 7 inapata uzito wake: siku ya mwisho, iliyo kubwa, Yesu anasimama na kuwaita wenye kiu waje kwake wanywe.

Wapo vijana wanaozungumza Kiswahili ambao kwao hema si mchezo. Wako Nyarugusu mkoani Kigoma na Kakuma kule Kenya, familia zilizokimbia vita. Wakiwa kibandani, vijana wenu wawaombee hao, na wachangie kitu kupitia kanisa. Kama mkimbizi yumo darasani kwenu, usimgeuze mfano wa somo. Asimulie akitaka mwenyewe.

Maswali yatakayokuja mwishoni

Je, Mkristo anapaswa kuzishika sikukuu hizi? Wapitishe kwenye Matendo 15, ambapo mitume hawakuwatwika watu wa mataifa sheria ya Musa; Wakolosai 2, inayoziita kivuli cha mambo yajayo; na Warumi 14, inayokataza kuhukumiana kwa ajili ya siku. Wajue pia kwamba Paulo mwenyewe, kwa mujibu wa Matendo 20, aliharakisha afike Yerusalemu kwa Pentekoste. Kisha mchungaji aeleze msimamo wa kanisa lenu waziwazi, bila kuwakejeli wa makanisa mengine.

Je, Wayahudi bado wanazishika? Ndiyo, na si mbali na sisi. Karibu na Mbale, mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Mwalimu aseme juu ya Wayahudi kana kwamba mmoja wao ameketi darasani. Ukimheshimu Kristo, utawaheshimu watu aliozaliwa kwao.

Je, kila kitu katika sikukuu ni mfano wa Kristo? Wazoeze kutenganisha mambo mawili: lile ambalo Andiko linasema wazi, na lile ambalo Wakristo wamelitafakari. Kristo kuitwa Pasaka wetu ni Andiko. Ile mikate miwili iliyotiwa chachu ya Sikukuu ya Majuma kuwa Wayahudi na mataifa ni tafakari. Tafakari inaruhusiwa, mradi ijulikane kuwa ni tafakari. Kijana aliyezoea kutenganisha hayo hatachukuliwa kirahisi na kila fundisho jipya la kwenye simu.

Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, liandike kwenye daftari la darasa, na kikao kinachofuata uje na jibu au umlete mtu mwenye jibu.

Usizimalize sikukuu zote katika muhula mmoja. Kila moja ifundishwe karibu na majira yake, na mwaka mzima uwe darasa. Purimu iliyo katika Esta 9, na Sikukuu ya Kutabaruku ambayo Yesu alikuwapo hekaluni wakati wake katika Yohana 10, ziwe za mwaka wa pili. Gharama si kubwa: unga, hamira, fungu la mchunga, pembe ya kuazima na makuti. Wazazi wapewe taarifa mapema, na wale wenye nafasi waalikwe wasaidie.

Mwaka ukiisha, wakabidhi vijana darasa la wadogo. Wao ndio wakande unga, wapulize pembe na kujenga kibanda, na watoto wa shule ya Jumapili wawaulize wao. Keti nyuma usikilize. Wakisimulia kwa maneno yao wenyewe, wakamfikia Kristo bila kusukumwa, na wakakumbuka kumpelekea mjane sehemu yake, ujue sikukuu hizo sasa ni zao, na muhula ujao waongeze wenzao.